Bahi inaishi na kani, darasani inaikariri

*Reli, visima na majaruba ya mpunga wilayani Bahi vinafundisha fizikia kutwa nzima. Kwa nini mwanafunzi anamaliza mada ya kani bila kuigusa?*

Treni ya mizigo inayotoka Dodoma kwenda Manyoni hufika Bahi bila kuhangaika. Kwa ujumla njia imekuwa ikiteremka: Dodoma mjini ni kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, Bahi ni kama mita 830. Inapita stesheni, inakatisha tambarare yenye vumbi la chumvi wakati wa kiangazi na maji ya mbuga wakati wa masika, inaelekea Kintinku.

Kazi inaanza Saranda. Hapo reli inakutana na ukingo wa Bonde la Ufa, na kutoka chini ya bonde hadi Manyoni ni kupanda karibu mita 400. Mlio wa kichwa cha treni unabadilika. Moshi unakuwa mzito, mwendo unapungua, mabehewa yaliyokuwa yakifuata kwa hiari sasa yanavutwa moja moja. Mchunga ng'ombe aliye mbali, asiyeiona reli, anajua kwa sikio tu kwamba treni imeanza mlima.

Sasa ingia katika darasa la kidato cha kwanza huku bondeni. Kwenye daftari la fizikia kuna sentensi moja ya Kiingereza inayosema kani ni msukumo au mvuto. Chini yake kuna orodha ya aina za kani, kisha orodha ya athari zake: kuanzisha mwendo, kuusimamisha, kuubadilisha mwelekeo, kubadili umbo la kitu. Mwanafunzi ameikariri yote na mtihani wa mwezi atafaulu. Mwulize ni kitu gani kinaizuia treni ya Saranda isirudi nyuma, na kwa nini ili isirudi inabidi injini iungurume hivyo. Hapo ndipo daftari linapoishiwa.

Makala haya yanahusu pengo hilo. Nimelichagua nikiamini kwamba kani ndiyo mlango wa fizikia yote, na anayeukuta mlango umefungwa kidato cha kwanza haingii tena.

Hesabu ya tani moja mlimani

Tuanze na kile ambacho daftari lingeweza kusema.

Chukua behewa lenye tani 1, yaani kilo 1,000. Dunia inalivuta kwenda chini kwa kani ya takriban niutoni 10,000. Kwenye reli iliyo sawa, reli inalisukuma behewa juu kwa kiasi kilekile, na mambo yanaishia hapo: kani mbili zinalingana, behewa linatulia. Weka behewa hilohilo kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50. Kwa macho huo si mlima wa kutisha, lakini sehemu ya uzito inageuka na kuvuta kufuata reli: niutoni 10,000 gawanya kwa 50, unapata 200.

Niutoni 200 ni sawa na uzito wa dumu moja la maji la lita 20. Yaani kwa kila tani ya treni, kuna dumu moja lisiloonekana linaloivuta treni irudi bondeni. Treni ya tani 600 ina madumu 600. Injini ikizidi kidogo, treni inaongeza mwendo. Ikilingana nayo, treni inaendelea kwa mwendo uleule. Ikipungua, treni inapunguza mwendo, inasimama, na breki zisiposhika inarudi.

Kinachonishangaza kila ninapoifanya hesabu hii ni upande wake wa pili. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma karibu halikwami kabisa. Ukinzani wake kwenye njia tambarare ni kama niutoni 20 tu kwa kila tani, sehemu ya kumi ya kile kinachovuta mteremkoni. Ndiyo sababu reli ilijengwa tangu mwanzo: kichwa kimoja kinavuta mzigo ambao malori mengi yangegawana. Lakini wepesi huo hauchagui upande. Unaoisaidia treni kwenda ndio huohuo unaoisaidia kurudi.

*Kwa kila tani ya treni, kuna dumu moja la maji lisiloonekana linaloivuta irudi bondeni.*

Piga hesabu hiyo mbele kidogo. Niutoni 200 za mteremko toa 20 za ukinzani, zinabaki 180 zikisukuma kilo 1,000. Mchapuko ni mita 0.18 kwa sekunde, kila sekunde. Ni mdogo sana, na mtu aliyekaa ndani ya behewa huenda asiuhisi. Baada ya dakika moja behewa lisilo na breki linakwenda karibu kilomita 39 kwa saa. Baada ya dakika mbili, karibu 78.

Hesabu hii haihitaji kompyuta wala maabara. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kugawanya anaimaliza kabla ya kengele.

Igandu, Juni 2002

Mkoa wa Dodoma hauhitaji kuambiwa hesabu hiyo ina maana gani.

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,000 ilikuwa ikipanda mlima mashariki ya mji wa Dodoma, eneo la Igandu na Msagali. Ilipata hitilafu, ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma. Breki hazikuizuia. Iliserereka kwa mwendo uliozidi kuongezeka hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake kwenye njia hiyohiyo. Watu 281 walipoteza maisha. Hadi leo ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli ya Tanzania.

Sisemi kwamba somo la fizikia lingeizuia ajali ile. Breki za treni ni kazi ya mafundi, wakaguzi na wenye mamlaka, na mzigo wa wajibu hauwezi kutwikwa daftari la mwanafunzi. Ninachosema ni kwamba watoto wa mkoa huu wamekulia kando ya njia ambayo kani yake ilizika mamia ya watu, wengine ndugu zao, na mada ya kani inapita bila mtu kuwaambia kwamba ni habari ileile.

Wangeweza pia kuambiwa jinsi breki za upepo zinavyofanya kazi. George Westinghouse wa Marekani alianza kuzitumia mwaka 1869, na muda mfupi baadaye akageuza mpango wake: badala ya upepo kuzifunga breki, upepo ukawa unazizuia zisifunge. Bomba likipasuka, au mabehewa yakikatika, upepo unatoka na breki zinafunga zenyewe. Hapo kuna somo zima la kani na kanieneo, na sababu ya kulisoma.

Kisimani mwanafunzi ni mwalimu

Ondoka relini uende kwenye maji. Sehemu kubwa ya Bahi inaishi kwa visima na mabwawa, na kiangazi kikishika watu huchimba mchanga wa makorongo kutafuta maji yaliyobaki chini. Mtoto wa miaka 12 ameshavuta maji mara nyingi kuliko idadi ya vipindi atakavyohudhuria sekondari nzima.

Kisima chenye roda moja iliyofungwa juu ni maabara kamili. Vitabu vinasema roda ya namna hiyo haipunguzi kani inayohitajika, na ni kweli: dumu la lita 20 linahitaji niutoni 200, kamba ipite kwenye roda au isipite. Kwa kweli linahitaji zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Lakini mtoto anayevuta maji atakubishia, atakwambia kwa roda ni rahisi. Naye yuko sahihi. Roda inabadili mwelekeo: badala ya kuinama kwenye mdomo wa kisima na kuvuta juu kwa mgongo, unasimama pembeni na kuvuta chini, na uzito wa mwili wako unakusaidia.

Mwalimu akiufuata ubishi huo, amepata kipindi ambacho hakitasahaulika. Akiongeza roda ya pili inayopanda pamoja na dumu, kani inashuka hadi karibu niutoni 100, na darasa litagundua lenyewe kwamba kamba imekuwa ndefu: dumu likipanda mita 10, mikono imevuta mita 20. Hakuna cha bure, na wataliona hilo kabla ya kuandikiwa.

Majaruba nayo yana lake. Wakati wa kulima mpunga, trekta dogo la mkono hufungwa magurudumu mapana ya chuma ili lisizame. Uzito haukupungua, eneo ndilo lililoongezeka. Ng'ombe kwa kwato zake ndogo anazama hadi magotini pale ambapo trekta linapita.

Tofali, kalamu na kipande cha tyubu

Shule itasema haina vifaa. Ni kweli kwa shule nyingi, na nitarudi kwenye maabara. Lakini kwa mada ya kani peke yake, upungufu wa vifaa si sababu ya kutosha.

Kata tyubu ya baiskeli iliyochakaa, upate mkanda mwembamba wenye urefu wa mkono. Funga ncha moja kwenye fremu ya mlango. Ncha ya chini funga chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojaa maji. Maji hayo yana uzito wa karibu niutoni 5. Weka alama ya kalamu ukutani pale ncha ilipofika. Ongeza chupa ya pili, weka alama. Ya tatu, alama. Sasa una kipimo cha kani, na darasa zima limeona kani ikibadili umbo la kitu.

Alama hazitalingana sawasawa. Mpira hauna tabia ya springi nzuri, unavutika kwa namna yake, na ukiurudisha hausomi palepale ulipoanza. Mwalimu asiogope. Hapo ndipo pa kuwaeleza Robert Hooke, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeonyesha kwamba springi huongezeka urefu kulingana na kani inayoivuta, na kuwauliza wanafunzi kwa nini tyubu yao inakataa.

Kisha fungua mkanda mlangoni, ufunge kwenye tofali lililo mezani, na uvute taratibu. Tofali halitoki mara moja. Tyubu inarefuka, inarefuka, ghafla tofali linaanza kwenda, na mkanda unafupika kidogo ingawa bado unavuta. Nusu ya darasa itadhani umekosea. Waache warudie wenyewe. Kani ya kuanzisha mwendo ni kubwa kuliko ya kuuendeleza, na kila aliyewahi kusukuma gari lililozimika anaijua habari hiyo kwa mabega.

Mwisho panga kalamu kadhaa za mviringo chini ya tofali na uvute tena. Mkanda hautarefuka kwa kiasi cha kuonekana, tofali linakwenda kwa kidole. Waambie watazame relini. Wamepata gurudumu, na sababu ya treni ya tani 600 kuvutwa na kichwa kimoja, na sababu ya kurudi kwake kuwa rahisi hivyo.

Zoezi zima ni vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80. Nimelieleza kwa urefu kwa sababu naona hapa ndipo ubishi wa elimu ya sayansi unapokosa mguu: tunajadili majengo na sera, tofali likiwa limelala nje ya darasa.

Maabara zilizoagizwa, walimu waliopungua

Historia ya karibu ya elimu yetu ilikimbizana na idadi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijaza nchi shule za kata. Lilikuwa jambo jema. Mtoto wa kijiji cha mbali wilayani Bahi alipata sekondari ambayo wazazi wake hawakuiota. Lakini madarasa yalitangulia, maabara zikabaki nyuma.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya michango ya wananchi, wakuu wa wilaya kupita wakihimiza, na tarehe za mwisho kusogezwa mbele. Majengo mengi yalisimama. Jengo, hata hivyo, linahitaji meza, maji, vifaa, na mtu wa kuvitumia.

Huyo mtu ndiye aliyekuwa adimu. Serikali ilijaribu njia ya haraka hapahapa Dodoma: Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea maelfu ya vijana kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 mpango huo ulivunjika, na wanafunzi zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni kwa muda mfupi sana. Baadhi walipelekwa baadaye kwenye vyuo vya ualimu. Wengine ndoto iliishia stendi.

Mwalimu mmoja wa fizikia mwenye mikondo mingi na madarasa yaliyofurika hawezi kulaumiwa akichagua ubao na chaki. Mtihani wa taifa unamsubiri mwanafunzi wake, mada ni nyingi, na kukaririsha ni haraka. Upande huu wa hoja ni mzito, na sikubaliani na wanaousukuma kando kwa kusema walimu ni wavivu.

*Aliyeacha fizikia baada ya kidato cha pili aliondoka kabla ya kufika kwenye msuguano.*

Muhtasari wenyewe nao ulichangia. Katika utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, kani ilifundishwa kidato cha kwanza. Usawa wa kani, mashine rahisi na sheria za Newton zikafuata kidato cha pili. Msuguano, kwa undani wake, ulisubiri kidato cha tatu. Lakini kidato cha tatu ndipo mwanafunzi alipochagua masomo, na wengi waliiacha fizikia. Kwa hiyo kijana aliondoka bila kujua vizuri ile kani ambayo ingemsimamisha barabarani.

Wengi wa vijana hao wanapanda bodaboda. Barabara kavu ya lami, matairi mazuri, mwendo wa kilomita 40 kwa saa: ukishakamata breki pikipiki inahitaji kama mita 9 kusimama. Kwa kilomita 80 inahitaji kama mita 35. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali mara nne. Kwenye changarawe, ambako matairi yanashika nusu tu ya vile, zidisha tena kwa mbili. Hapo hujahesabu mita zinazopita kabla mkono haujafika kwenye breki. Mwanafunzi aliyepima kwa tofali na tyubu angeuelewa mstari huo mara moja, na angeukumbuka akiwa na abiria nyuma.

Lugha ya tatu

Mtoto wa kijiji cha Bahi mara nyingi anaanza na Cigogo nyumbani. Shule ya msingi anasoma sayansi kwa Kiswahili, na hapo anakutana na kani, msuguano na nyenzo. Akifika kidato cha kwanza anaanza upya kwa Kiingereza. Mada ya kani inamkuta katika miezi ileile anayojifunza kuomba ruhusa ya kwenda nje.

Mjadala huu ni wa zamani. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ihamie kwenye Kiswahili. Serikali haikukubali. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha toa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo hoja kwamba istilahi hazipo haijasimama kwa zaidi ya miaka 30. Watafiti kama Martha Qorro wamelisemea jambo hili kwa muda mrefu. Halima Mwinsheikhe, aliyeandika tasnifu kuhusu kizuizi cha lugha katika sayansi sekondari, alionyesha jinsi ushiriki wa wanafunzi unavyofunguka wanapofundishwa kwa Kiswahili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari.

Wanaotetea Kiingereza wana sababu zao, na si za kudharau. Vitabu vya vyuo vikuu viko kwa Kiingereza. Michoro ya mashine, maelekezo ya vipuri, kazi kwenye miradi mikubwa kama reli ya kisasa, vyote vinakihitaji. Wazazi wengi, na wa vijijini hawako nyuma, wanakitaka kwa mtoto wao kwa sababu wameona kinafungua milango.

Kambi zote mbili zingefaidika na habari kutoka Marekani. Mwaka 1992 David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walichapisha jaribio fupi la maswali ya kuchagua kuhusu kani, lisilo na hesabu. Lori likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma lingine kwa kani kubwa zaidi? Mpira uliorushwa juu, unapopanda, unavutwa na nini? Wanafunzi waliofaulu fizikia kwa alama nzuri walianguka. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliamini wake hawangebabaika. Alipowapa maswali ya namna hiyo, mmoja akamwuliza ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri mwenyewe.

Hao walisoma kwa lugha waliyoizoea tangu utotoni. Kumbe lugha peke yake haimalizi kazi. Mtoto yeyote duniani anaingia darasani akiamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe kinasukumwa, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyomfundisha: ukiacha kusukuma mkokoteni, unasimama. Kumtoa hapo mpaka kwa Newton, aliyeandika mwaka 1687 kwamba kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda mpaka kani ikizuie, ni safari ya kubishana, kupima, kukosea na kupima tena.

Lakini hakuna anayebishana kwa lugha asiyoimudu. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Tofali livutwe kwa Kiswahili, na Cigogo kikijitokeza kiachwe kisikike. Ubishi ufanyike, vipimo vichukuliwe, sababu itafutwe. Darasa likishaelewa, sentensi iandikwe kwa Kiingereza cha mtihani, na mwanafunzi ajue anaandika nini. Walimu wengi wanafanya hivyo tayari kwa kujificha, wakitazama mlangoni. Wanastahili kuruhusiwa waziwazi, kwa maandishi.

Tunaye Mtanzania wa kutukumbusha thamani ya swali linalotoka mikononi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliweka mchanganyiko wa maziwa ya moto kwenye friza, akaona umeganda kabla ya uliopoa. Aliuliza, akachekwa. Hakuacha. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na Osborne akakubali kulijaribu. Makala yao ya pamoja yalitoka mwaka 1969, na wanafizikia wa dunia bado wanalibishania jambo lenye jina lake.

Reli mpya juu ya bonde la zamani

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Njia yake ina upana wa milimita 1,000 na kona zinazofuata ardhi. Sasa pembeni yake imelala reli ya kisasa, upana milimita 1,435, nyaya za umeme juu yake. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, na njia yenyewe inaendelea kupita Bahi hadi Makutupora.

Treni hiyo imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa kwa abiria. Kani inayohitajika kuigeuza treni kwenye kona huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ndiyo maana kona za reli mpya ni pana, milima imetobolewa, mabonde yamevukwa kwa madaraja, na reli ya nje kwenye kona imeinuliwa juu kidogo kuliko ya ndani. Mtu wa Bahi anaweza kuzitazama njia zote mbili, ya Wajerumani na ya leo, na kuona majibu mawili kwa swali moja la kani.

Njia hiyo itahitaji mafundi wa reli, wa breki, wa umeme na wa madaraja kwa miongo mingi. Sioni sababu hata moja kwa nini wasitoke kwenye vijiji inavyovipita. Shirika la Reli na halmashauri wanaweza kuanza na jambo dogo: kuwaruhusu wanafunzi kufika stesheni kwa utaratibu salama, waonyeshwe breki ya behewa, waambiwe mteremko wa kila kipande cha njia, warudi darasani na namba halisi za kwao.

Mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, unataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya, na umefungua mkondo wa amali kwa wanaotaka ufundi. Kwa karatasi, hayo ndiyo ambayo makala haya yameyaomba. Lakini mwishoni upo mtihani wa kidato cha nne. Walimu watafundisha kile ambacho Baraza la Mitihani litauliza, kama walivyofanya siku zote. Swali la kani likiwa bado linataka maana yake kwa sentensi moja, tyubu na tofali vitabaki nje. Likimpa mwanafunzi treni ya tani 600, mteremko wa mita 1 kwa 50 na breki zenye nguvu fulani, likamtaka aonyeshe kama itasimama, shule zitalazimika kulifundisha, na za Bahi zitakuwa na mahali pa kwenda kulitazama.